Kuhamisha mkopo wa nyumba: Sh8 milioni zitangulie

Chukua ratiba ya marejesho ya familia yenye nyumba ya vyumba vitatu Kihonda, upande wa Maghorofani. Ni familia ya mfano, lakini hesabu yake ni ya kweli. Ilikopa Sh60 milioni kwa miaka 15, riba asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho ni Sh966,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, Sh900,000 kati ya hizo zilikwenda kwenye riba. Zilizopunguza deni lenyewe ni Sh66,000, ambazo hazifiki bei ya mifuko mitano ya saruji.

Miaka mitano imepita. Familia imelipa karibu Sh58 milioni bila kukosa mwezi hata mmoja. Wakiomba salio wanaambiwa Sh53.6 milioni. Hapo wengi huhisi wameibiwa, lakini hakuna aliyewaibia. Mkopo mrefu hula riba kwanza, deni baadaye.

Sasa inakuja benki ya pili na ofa ya asilimia 15, tayari kununua deni lao. Wahame?

Ofa kama hiyo isingekuwepo enzi za nyuma. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa miaka ya 1970, ilianguka mwaka 1995 na kuacha pengo la miaka mingi. Mlango ulifunguka baada ya sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 na kuundwa kwa TMRC mwaka 2010, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo ya aina hii. Wakati huo riba ilikuwa asilimia 22 hadi 24. Baadaye ikashuka hadi kati ya 15 na 19, na benki zinazotoa mikopo hiyo zikafika zaidi ya 30. Benki zikiwa nyingi, mkopaji anaweza kulinganisha bei, na kulinganisha kunataka kalamu.

Tuseme familia hii imeuza kiwanja kidogo Mkundi na ina Sh8 milioni mkononi. Ina njia sita. Kiasi kilichoandikwa mwishoni mwa kila njia ni fedha zote zitakazotoka mfukoni kuanzia leo hadi deni liishe, pamoja na hizo Sh8 milioni pale zinapotumika. Gharama za kuhama tutaziongeza baadaye.

1. Kubaki na kuendelea kama kawaida, miaka 10: Sh116 milioni.

2. Kuhama na kuanza upya miaka 15, rejesho Sh750,500: Sh135.1 milioni.

3. Kuhama kwa miaka 10 iliyobaki, rejesho Sh865,000: Sh103.8 milioni.

4. Kuhama lakini kuendelea kulipa Sh966,000 zilezile, deni linaisha ndani ya miaka minane: Sh92 milioni.

5. Kubaki, kulipa Sh8 milioni leo na kuendelea na rejesho lilelile, deni linaisha kwa miezi 83: Sh88 milioni.

6. Kulipa Sh8 milioni, kuhama, na kumaliza ndani ya miezi 72: Sh77.5 milioni.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa, kwa sababu makato yanashuka kwa zaidi ya Sh215,000 kwa mwezi na nyumbani pumzi inarudi. Lakini riba imeshuka kwa pointi tatu na bado familia inalipa Sh19 milioni zaidi ya ambazo ingelipa bila kuhama. Miaka mitano iliyoongezwa imemeza punguzo lote na kudai nyongeza.

Linganisha sasa ya nne na ya tano. Aliyebaki kwenye riba ya asilimia 18 akapunguza deni anamshinda aliyekimbilia asilimia 15 mikono mitupu, tena bila kulipia mthamini, wakili wala usajili. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuhama.

Kwa hiyo faida halisi ya kuhama hupatikana kwa kuweka njia ya sita kando ya ile ya tano: Sh10.5 milioni. Toa gharama humo. Tukadirie benki ya zamani inatoza asilimia 2 ya salio kwa kufunga mkopo mapema, mpya inatoza asilimia 1 ya kuuandaa, na mthamini, wakili, usajili na bima vinakula Sh1.5 milioni. Jumla ni karibu Sh2.9 milioni. Inabaki Sh7.6 milioni, kwa hiyo kuhama kunalipa. Tofauti ya riba ingekuwa pointi moja tu, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Baada ya hapo kinachoamua ni mpangilio. Sh8 milioni ziingie benki ya zamani kabla haijaandika barua ya salio. Ada ya asilimia 2 itapigwa kwenye Sh45.6 milioni badala ya Sh53.6 milioni, na ya benki mpya vilevile. Hapo pekee familia inaokoa kama Sh240,000. Soma mkataba kwanza, maana upo unaotoza hata malipo ya sehemu. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinakupa haki ya kuelezwa tozo waziwazi. Idai kwa maandishi.

Sababu nyingine ya kutanguliza Sh8 milioni ni mthamini. Huandika thamani mbili: ya soko, na ile ambayo nyumba ingepata ikiuzwa kwa haraka. Tuseme ya soko ni Sh90 milioni, ya haraka ni Sh65 milioni, na benki mpya inakopesha hadi asilimia 80 ya hiyo ya pili. Kikomo ni Sh52 milioni. Deni la Sh53.6 milioni halipiti mlangoni. La Sh45.6 milioni linapita na nafasi inabaki.

Uingereza wanaijua mbinu hii. Mikataba mingi ya riba isiyobadilika humruhusu mkopaji kulipa ziada hadi asilimia 10 ya salio kwa mwaka bila faini, na kipindi cha riba hiyo kikiisha anaweza kupunguza deni palepale anapohamia benki nyingine.

Wakati wa kuhama, hati ya nyumba haipiti mikononi mwako. Benki mpya inatoa ahadi ya kulipa, ya zamani inatoa barua ya salio yenye tarehe ya mwisho, fedha zinakwenda benki kwa benki, rehani ya kwanza inafutwa kwa Msajili wa Hati na ya pili inasajiliwa. Barua ikipitwa na tarehe, riba ya siku zilizozidi inaacha deni dogo, na deni hilo dogo linatosha kuizuia hati. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa. Nyumba ikiwa ya familia, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza, basi mke au mume ahusishwe tangu siku ya kwanza, asiitwe siku ya kusaini.

Kwa mtumishi anayekatwa kwenye mshahara, mwezi wa hatari ni ule wa makutano: benki ya zamani haijasimamisha makato na mpya imeshaanza. Fedha hurudishwa, lakini ada ya shule haisubiri. Ndiyo maana Sh8 milioni ziwe ziada kweli. Ukishazilipa, benki haikurudishii ukiuguliwa. Na kukopa SACCOS ili upunguze deni la nyumba ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine.

Mtego wa mwisho upo kwenye fomu ya benki mpya. Deni likiwa Sh45.6 milioni, ofisa anaweza kukuwekea miaka 10 na rejesho la Sh736,000. Ukikubali na kulipa hivyo, jumla inapanda hadi Sh96.3 milioni, nyuma hata ya aliyebaki na kupunguza deni. Omba miezi 72. Rejesho litakuwa Sh965,000, karibu sawa na ulilozoea, na mfuko wako hautahisi mabadiliko yoyote. Ratiba ndiyo itakayohisi. Kabla ya kuhama, rejesho lilikuwa linapunguza deni kwa Sh162,000 kwa mwezi. Baada ya kuhama, mwezi wa kwanza tu, zaidi ya Sh394,000 zinakwenda kwenye deni lenyewe.

Basi kabla ya kumpigia ofisa wa benki mpya, nenda kwenye ile ya zamani na swali moja: nikilipa Sh8 milioni leo, mtapunguza rejesho au mtapunguza miezi? Wakisema miezi, bila tozo, tayari unayo njia ya tano mkononi. Benki mpya ndiyo yenye kazi ya kukuonyesha kwa tarakimu kwamba inaweza kuishinda.