Mizani ya CTC haioni msuli

Kwenye kliniki za CTC, zinazotoa huduma na matibabu ya VVU, zikiwemo zinazowahudumia watu wa Kihonda, Morogoro, mgonjwa hupimwa uzito kila anapofuata dawa. Utaratibu huo umetoka enzi ambazo kukonda ndiko kulikoogopwa. Leo WAVIU (watu wanaoishi na VVU) wengi wanameza TLD, kidonge cha tenofovir, lamivudine na dolutegravir, kilichoanza kugawiwa nchini mwaka 2019. Utafiti wa ADVANCE wa Johannesburg, wenye washiriki 1,053, ulionyesha kuwa ndani ya wiki 48 waliotumia mchanganyiko unaofanana na TLD waliongezeka wastani wa kilo 3, na wanawake walinenepa zaidi.

Tatizo ni kwamba kilo hujumlisha mafuta na msuli. Mama wa kilo 95 anaweza kuwa na mapaja dhaifu kuliko alipokuwa na 60.

Ndiyo maana utafiti wa SLIM LIVER umenivutia kwa jinsi ulivyopima. WAVIU 51 wenye mafuta kwenye ini walichomwa semaglutaidi, sindano ya kupunguza uzito, kila wiki kwa wiki 24. Mbali na uzito, mashine ya MRI ilipima ujazo wa psoasi, msuli unaotoka uti wa mgongo hadi kwenye paja. Washiriki walipimwa pia kasi ya kuinuka kitini na ya kutembea. Mafuta ya ini yalipungua kwa asilimia 31, psoasi ikasinyaa kwa asilimia 9.3, lakini kasi ya kuinuka na kutembea haikushuka. Habari njema hiyo, ingawa mimi siipokei yote: hakukuwa na kundi la kulinganisha, na wiki 24 ni chache kwa mtu atakayezeeka na dawa za VVU.

MRI ni ghali, kiti kipo kila kliniki. Kiwe kigumu, kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani. Mgonjwa anakunja mikono kifuani, anasimama wima na kukaa mara tano, muuguzi akitazama saa ya simu. Kwa vigezo vya Ulaya, zaidi ya sekunde 15 ni dalili ya msuli dhaifu. Sekunde hizo ziandikwe kwenye faili, pembeni ya kilo.

Anayejinyima chakula apungue naye hupoteza msuli, hata bila sindano. Apunguze ugali, si dagaa, maharage wala mayai. Kutembea kwenda sokoni kunasaidia moyo, ila msuli unataka mzigo: ainue vidumu vya maji vya lita tano, arudie zoezi la kiti mpaka mapaja yawake moto, mara mbili au tatu kwa wiki. Akirudi kuchukua dawa, apimwe tena kwa kiti kilekile, maana kiti kifupi zaidi hubadili majibu.