Wanaotutembeza Jozani

Msitu wa Jozani hautaki miguu yenye nguvu. Ukitoka Mjini Unguja kwa barabara iendayo Paje, baada ya kilomita 35 hivi unashuka getini, unakata tiketi, na njia unayoingia ni tambarare. Mtoto wa darasa la kwanza anaimudu, na bibi mwenye mkongojo pia. Saa moja inatosha kuizunguka. Hapana mlima wa kupanda wala mnyama wa kumkimbia. Urahisi huo ndio unaowafanya wengi waidharau kazi ya anayewatembeza: wanadhani kazi yake ni kuonyesha njia, na njia inaonekana. Mimi nataka kuisifu kazi hiyo. Naiona kuwa miongoni mwa fani bora tulizonazo visiwani, na naamini inatudai deni kubwa ambalo hatujalilipa.

Fani hii huanza na mwendo. Mgeni huingia msituni na haraka yake ya mjini, macho yakimtangulia kutafuta kima, simu iko tayari mkononi. Mtembezaji hodari hamkemei wala hamhubirii. Anasimama penye mti wa kwanza, anawauliza watu wametoka wapi, anawaambia kwamba humu hakupigwi kelele, kisha anaanza kutembea taratibu kuliko walivyotarajia. Baada ya hatua chache anachutama, anainua jani, na chini yake amekaa chura mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mbele kidogo jongoo anavuka njia. Mbele tena kuna tundu la kaa katika udongo mweusi, mbali kabisa na pwani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomleta mgeni. Lakini tangu hapo kundi zima linatazama chini, pembeni na nyuma ya majani, na hakuna aliyeliamuru.

Ukiwafuata watembezaji wengi utajua upesi nani amehitimu na nani bado. Aliye bado husema kila anachokijua. Anamimina majina ya miti hadi wageni wanaitikia kwa adabu tu. Aliyehitimu anajua kuacha. Katika njia yenye mamia ya mimea amechagua michache, na kila kituo amekipima: pana kivuli, pana nafasi ya watu kusimama bila kukanyaga miche, na kinachoonyeshwa kinaandaa kitakachofuata. Kuacha huko kunatokana na kujua kwingi, wala hakuigizwi na mtu asiyejua.

Chukua mfano wa jinsi anavyoieleza ardhi. Kusini na mashariki mwa Unguja ni nchi ya maweni, mwamba wa matumbawe wa kale wenye udongo haba, na mvua ikinyesha juu yake hupotelea katika nyufa. Jozani imekaa bondeni, mahali ambapo maji hayo ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi. Masika yakikaza, maji hutuama juu ya mizizi. Ndiyo maana miti mikubwa imejikusanya hapa: mitondoo, mifuu, michikichi, miwale na mikadi yenye mizizi ya kusimamia. Maneno hayo yanaweza kuandikwa kwenye kibao yakasomwa na kusahauliwa. Mtembezaji anafanya jambo jingine. "Bibi, kanyaga hapa," anamwambia mzee aliye mbele, na ardhi inabonyea. Anawaongoza hadi ukingo wa msitu ambapo vichaka vimedumaa juu ya jiwe. "Haya bibi, sasa kanyaga huku." Bibi anakanyaga, anaguna, anacheka, na kila aliyesimama pale ameshaelewa kwa nyayo zake kwa nini msitu unaishia pale unapoishia.

Kisha huja somo la muda, ambalo ni gumu zaidi, kwa kuwa muda haukanyagiki. Unguja haikuwa kisiwa siku zote. Wakati wa enzi ya barafu bahari ilikuwa chini, na watu na wanyama walipita kwa miguu kutoka bara. Barafu ilipoyeyuka, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita au zaidi kidogo, maji yakapanda na kuikata nchi. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao leo hakuna Mzanzibari anayewakumbuka. Wengine walidumu. Chui wa Unguja alidumu hadi karne ya 20, akawindwa sana, hasa baada ya watu kuamini kwamba wachawi wanamfuga, na sasa huenda hayupo tena. Paa nunga yupo bado, mchache na mwenye hofu, na nje ya Unguja anapatikana katika misitu michache tu ya pwani ya Kenya. Mtembezaji mzuri huyasema haya akiwa amesimama chini ya mti mkubwa, kwa sauti ya chini, na hakurupuki kuondoka akishamaliza. Msitu alioupita mgeni dakika kumi zilizopita kama bustani ya kivuli sasa ni kipande cha bara kilichosahauliwa baharini.

Na kima punju ndiye shahidi wa hayo yote. Ameishi kisiwani peke yake muda mrefu hata amekuwa wa hapa tu. Hakuna nchi nyingine duniani unakoweza kumkuta porini, na hata Pemba wachache walipelekwa Ngezi kwa mikono ya watu katika miaka ya 1970. Sensa ya kina iliyofanywa katika muongo uliopita ilikadiria kuwa wapo karibu 5,900. Ana mgongo wa rangi ya kutu, mabega meusi, manyoya meupe yanayouzunguka uso na midomo ya waridi. Kidole gumba chake ni kama hakipo. Tumbo lake lina vyumba ambamo vijidudu huchachusha majani, kwa hiyo majani machanga na matunda mabichi ndiyo chakula chake, na tunda bivu lenye sukari linaweza kumdhuru. Mashambani hupenda majani ya mwembe na mkungu, ambayo yana kemikali zinazosumbua tumbo, naye huzitafutia dawa: hushuka kuokota makaa kwenye matanuri na majiko ya watu, akayatafuna. Watafiti waliandika habari hiyo mwaka 1997. Wanakijiji walikuwa wakiwaona kima na makaa yao kabla ya hapo.

Hapa ndipo ujuzi wa mtembezaji unapopimwa kwelikweli, kwa maana kima hawa wamezoea watu na hukaa matawi ya chini, karibu kufikika. Mgeni anataka kusogea, anataka mtoto wa kima aingie kwenye picha pamoja na uso wake. Akiguswa au kupewa chakula, mnyama anaweza kuambukizwa maradhi yetu na kupoteza hofu inayomlinda. Kumkataza mgeni aliyelipa, bila kumfedhehesha, kunahitaji hekima. Nimemwona kijana mmoja akiifanya kwa namna niliyoipenda sana: alirudi nyuma hatua kadhaa yeye mwenyewe, akachutama, akanyamaza. Mmoja baada ya mwingine wakamfuata. Kundi la kima likarudi kula kana kwamba hatupo, na sote tukaona mama akimshika mwanawe aliyetaka kuruka tawi lililo mbali mno. Tungesogea tusingeliona hilo.

Ng'ambo ya barabara, upande wa Pete, njia inapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, na hapo mtembezaji hufungua hazina nyingine. Hapo majina humtoka bila kutafuta: mkoko wenye mizizi ya upinde, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi. Anachuma jani la mchu, anakwambia uliguse kwa ulimi, na unaonja chumvi ambayo mti umeitoa mwilini mwake. Anakuonyesha mche wa mkoko unaoota ukiwa bado unaning'inia kwenye tawi la mama yake, ukingoja kudondoka topeni. Anakuonyesha mizizi ya mchu iliyochomoza ili kupata hewa katika tope lisilo na hewa.

Ujuzi huu aliupata wapi? Ndilo swali lililonifanya niandike. Sehemu aliipata katika mafunzo na vitabu, lakini shina lake ni la zamani zaidi. Wazee wa Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni na Chwaka waliijua miti kwa sababu waliikata. Boriti za mikoko ya pwani yetu zilijenga dari za Mji Mkongwe na Lamu, na upana wa vyumba vya nyumba zile ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalizibeba hadi Omani na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Mlilana ulitoa mataruma ya vyombo. Magome ya mkandaa yalitumika kwa rangi na kwa kusindika ngozi. Ukindu na miyaa ilisukwa, mizizi na magome yalichemshwa kuwa dawa, na kuni za vichakani zilichoma chokaa. Hata ndani ya Jozani yenyewe mbao zilipasuliwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Aliyekata mti alilazimika kuujua: unaota wapi, unakomaa lini, gome lake linanukaje, ukiulaza majini unadumu au unaoza.

Mtembezaji wa leo amerithi maarifa hayohayo, majina yaleyale, pua ileile, na ameyapa kazi nyingine. Anachokijua mkata boriti kuhusu mkoko, yeye anakitumia ili mkoko uachwe umesimama. Babu alipiga gome kwa panga ili kuujua mti. Mjukuu analigusa kwa kiganja na kusimulia. Sijui mageuzi mengine katika maisha yetu yaliyofanyika kwa heshima kama hii, bila kuwatukana wazee wala kuyatupa waliyoyajua. Anaposema "mti huu babu zetu walijengea vyombo", hasemi kwa kuwashtaki. Anasema kwa fahari ya mtu anayejua kwamba bila wao asingekuwa na la kusema.

Wala mageuzi haya hayakuwa bure. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Jozani methali hiyo iliwekwa kwenye mizani. Mwaka 2004 ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, vijiji vilivyoizunguka viliombwa kuacha mambo mengi viliyozoea. Wakulima walikuwa wakilalamika kwamba kima wanaharibu nazi changa na mazao yao. Gari ziliwagonga kima barabarani, hadi matuta yalipowekwa na vifo vikapungua. Sehemu ya pato la hifadhi hurudi vijijini, na mwaka 2016 UNESCO iliiingiza Jozani katika orodha ya hifadhi za bayosfia za dunia. Lakini katikati ya mkulima, serikali na mgeni, anayesimama kila siku ni yule kijana wa getini. Asubuhi anamweleza mgeni kwa nini kima ni tunu. Jioni anarudi kijijini kwa mjomba wake ambaye kima wamekula kwake. Lazima maneno yake yawe ya kweli pande zote mbili, kwa kuwa hana pa kujificha.

Ndiyo maana naona vibaya fani hii inapochukuliwa kuwa kibarua cha msimu, cha kungojea bakshishi, ambacho yeyote mwenye lugha mbili tatu za kigeni anaweza kukishika. Lugha ni mlango tu. Mtu anaweza kujua Kitaliano na Kijerumani vizuri sana na akakupitisha Jozani bila ya wewe kuiona. Kinachohitajika ni miaka ya kuzoea nuru ya asubuhi na ya alasiri, mti gani umechanua juma hili, kundi gani la kima limelala wapi, na uvumilivu wa kujibu swali lilelile kwa mara ya elfu kana kwamba halijapata kuulizwa. Haya hayafundishwi kwa semina ya siku mbili. Hufundishwa kwa kumfuata aliyetangulia, hatua nyuma yake, mwaka baada ya mwaka.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba kwa dhati. Watembezaji wetu walipwe ujira wa mafundi, wa kudumu, ili wazeeke kazini na wawe na wanafunzi. Wazee wanaojua majina na matumizi ya miti wakaribishwe msituni kuwafundisha vijana kabla hawajatutoka, na walipwe kwa somo lao. Na skuli za Unguja ziwapeleke watoto Jozani, kila mtoto angalau mara moja kabla hajamaliza msingi, si kwa basi la kelele na soda, bali kwa makundi madogo nyuma ya mtembezaji mmoja. Wageni wameshatuonyesha kwamba msitu huu unastahili safari ya kuvuka bahari. Mtoto wa Kitogani au Mwanakwerekwe hana bahari ya kuvuka. Anahitaji mtu wa kumwambia akanyage hapa, halafu akanyage huku, na watu wa kufanya hivyo tunao.