Mcheza Kwao Hutunzwa: Miaka ya Mwanzo ya MTV Base

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki tenzi, riwaya na michezo ya kuigiza. Leo twaomba radhi ya wasomaji tuhakiki chaneli ya televisheni, kwa kuwa wanafunzi wetu wengi walijifunza mengi humo kabla hawajafungua kitabu cha ushairi.

Chaneli ya nyimbo za picha haikuzaliwa kwetu. MTV ilianza Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Afrika Kusini ikaanzisha Channel O mwaka 1997. Kisha, tarehe 22 Februari 2005, ikaja MTV Base ya Afrika, ikiongozwa na Alex Okosi, Mnaijeria. Hata jina lake lilikuwa la kuazima, maana Uingereza ilikuwa na chaneli ya jina hilo tangu 1999. Wimbo wa kwanza kuonyeshwa ulikuwa "African Queen" wa 2Face Idibia wa Nigeria.

Tuanze na sifa, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuufungua mlango kwa wimbo wa Mwafrika unaomsifu mwanamke wa Kiafrika halikuwa jambo dogo. Sisi wa Gisenyi, ambao mji wetu ulionekana duniani mwaka 1994 kwa picha za wakimbizi wakivuka kwenda Goma, twajua uzito wa kuonekana kwa sura nyingine. Tena, Afrika Mashariki haikusahauliwa. Katika tuzo za kwanza za chaneli hiyo, zilizofanyika Abuja mwaka 2008, Wahu wa Kenya alitangazwa mwimbaji bora wa kike. Mwaka uliofuata tuzo zilifanyika Nairobi, na Amani, Mkenya pia, akaipata heshima hiyo hiyo.

Hata hivyo, zipo kasoro mbili ambazo hatuna budi kuzitaja.

Ya kwanza ni lugha. Chaneli ilijiita ya Afrika, lakini watangazaji wake walizungumza Kiingereza. Wimbo wa Kiswahili ulipita kama mgeni asiyetambulishwa: jina la msanii lilitajwa, maneno yake hayakuelezwa. Kijana aliyetazama alifunzwa bila kuambiwa kwamba lugha yake yafaa kuchezewa, ila kuzungumzia muziki kwahitaji lugha nyingine.

Ya pili ni picha kuyatawala maneno. Ushairi wetu huishi kwa mafumbo. Mshairi asemapo "ua", msikilizaji huachiwa kazi ya kufikiri kama ni mchumba, mtoto au nchi. Video humtia msichana machoni petu, na fumbo likafa palepale. Zaidi ya hayo, picha nzuri yataka fedha nyingi. Mwenye shairi zito na mfuko mwepesi alibaki nje, na mwenye gari la kifahari la kukodi akaingia.

Watakuwapo watakaotupinga wakisema kwamba muziki hauhitaji mkalimani. Watatukumbusha kwamba hapa mpakani watu wamecheza nyimbo za Kilingala miaka mingi, wengi wao bila kuelewa neno. Ni kweli, mguu hauhitaji kamusi. Lakini wimbo wa Kilingala ulivuka mpaka ukiwa na lugha yake kamili, wala haukuomba ruhusa ya Kiingereza. Heshima hiyo ndiyo tunayoidai kwa Kiswahili, ambacho kwetu kilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa lugha ya soko na ya madereva, hata kikafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Basi tufanyeje? Kuwakataza vijana video ni kuziba mto kwa kiganja. Twapendekeza walimu wenzetu wachague wimbo mmoja wa Kiswahili na kuusikilizisha darasa kwanza bila picha. Wanafunzi waandike maneno, watafute fumbo, wabishane juu ya maana. Ndipo waonyeshwe video na kuulizwa: je, picha imelitunza fumbo au imelivunja?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika miaka ile ya mwanzo vijana wetu walicheza ugenini, wakatunzwa na wageni, na hatuwalaumu. Lawama ni yetu tuliochelewa kuwatandikia jamvi nyumbani.