Kinjeketile na Swali la Haiba: Usomaji Kutoka Ng'ambo ya Ruvuma

Kila tunapofundisha tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), swali moja halikosi kuzuka katika semina: je, kiongozi huzaliwa au hutengenezwa? Wanafunzi hugawanyika mara moja. Wa upande wa kwanza hututajia mto Rufiji, Hongo na mtu aliyezama akatoka na maji ya ushindi. Kwao haiba ni karama, aliyenyimwa hawezi kuinunua. Wa upande wa pili humtaja Kitunda na mazoezi ya vita. Kwa maoni yetu pande zote mbili zinamsahau mhusika mmoja, naye ni msikilizaji. Rai hii imetujia kwa kuisoma tamthilia sambamba na habari za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, ambayo si mbali na Mtwara.

Tuanze na matini. Wahakiki wengi, na wanafunzi wakiwafuata, hukimbilia onyesho la mtoni. Lakini Hussein hakuanzia huko. Ameanza na wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wakizungumzia njaa na mume anayejifungia ndani. Kabla Kinjeketile hajatamka lolote mbele ya watu, sisi wasomaji tumekwisha kuonyeshwa nyumba zisizo na chakula na watu wanaolima shamba la Mjerumani badala ya lao. Watu hawa wanalisubiri neno. Lingeweza kutamkwa na mwingine. Wamatumbi, Warufiji na Wazaramo waliokuwa wakitiliana shaka wanaungana kwa sababu ya maji, na Kinjeketile anapotilia shaka ahadi aliyoitoa, hasa ile ya kuwa watoto wa Seyyid Said, anakuta kwamba hawezi tena kuirudisha kinywani. Haiba imehamia kwa wasikilizaji, naye amebaki mateka wao.

Sasa tuvuke Ruvuma. Huko Palma na Mocímboa da Praia watu husema Kimwani, ambacho kina ukaribu na Kiswahili (kama ni lugha au lahaja tuwaachie wanaisimu wetu, ambao hawajawahi kuafikiana), na Kiswahili chenyewe kinaeleweka. Mnamo tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Vita vilivyofuata viliwahamisha watu wanaokaribia milioni moja. Watafiti wameeleza kwamba miongoni mwa vitu vilivyosikilizwa na vijana hao kabla ya vita ni mahubiri ya Kiswahili yaliyorekodiwa, yakiwemo ya Aboud Rogo wa Mombasa, aliyeuawa Agosti 2012. Mtu aliyekufa, tena wa nchi nyingine, alikuwa na mvuto kuliko masheikh walioishi nao mtaa mmoja. Masheikh hao ndio waliokuwa wakiwaonya wakuu wa serikali juu ya vijana walioingia msikitini na viatu.

Kiongozi aliyejulikana zaidi katika kundi hilo, Bonomade Machude Omar, alikuwa kijana wa sehemu hizo hizo. Agosti 2023 serikali ilitangaza kuwa ameuawa. Mashambulizi yakaendelea. Kama haiba ingekuwa mali ya mtu, ingezikwa naye. Umaskini, gesi iliyogunduliwa baharini bila manufaa kuonekana vijijini, na vijana walioona wazee wao hawawasikilizi havikuzikwa.

Msomaji anaweza kutupinga kwa kumtaja Samora Machel, na pingamizi hilo ni la haki. Samora alikuwa muuguzi. Alipata mafunzo ya kijeshi Algeria, akawa mkuu wa jeshi la FRELIMO baada ya Filipe Magaia kuuawa mwaka 1966, na wote waliomsikia wanakubali kwamba aliweza kuushika umati kwa sauti na wimbo. Kipaji alikuwa nacho, hatukani. Lakini risasi za kwanza za vita vya ukombozi zilipigwa Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, yeye akiwa bado si kiongozi mkuu. Watu waliokumbuka mauaji ya Mueda ya 1960 walikuwa tayari wanasikiliza.

Hapa ndipo tunapomlaumu Hussein kidogo. Amempa Kinjeketile shaka nzito na ya kuvutia, ila umati amewapa zaidi kazi ya kuitikia. Hatupati mkulima mmoja anayejiuliza usiku kama maji haya ni ya kweli, kisha asubuhi akayanywa hivyo hivyo. Bi Kitunda na Bi Kinjeketile walifaa kuibeba sauti hiyo, lakini vita vinapokaribia nafasi yao inapungua. Huenda jukwaa lilimbana mtunzi. Hata hivyo, mwanafunzi anayeimaliza tamthilia hii akidhani ameelewa kiongozi, hajaulizwa bado kuhusu wale waliomfuata.

Kwa hiyo muhula ujao tumekusudia kubadili swali la semina. Tutawaomba wanafunzi walirudie onyesho la kwanza, wamchague mmoja wa wale wanawake wawili, na waeleze ni neno gani angelikubali siku ile, na kutoka kwa nani.