Roketi za Mfano: Pezi Lichomoze Kiasi Gani?

Roketi ya mfano haina usukani. Ikishaiacha reli ya kurushia, kinachoinyoosha ni mapezi, kama manyoya yanavyounyoosha mshale. Sharti ni kwamba kitovu cha nguvu za hewa kiwe nyuma ya kitovu cha uzito, kwa kawaida kwa umbali wa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Roketi ikiyumba, hewa husukuma mkia na pua hurudi njiani. Vitovu hivyo vikibadilishana nafasi, roketi hupinduka hewani.

Kitovu cha uzito hupatikana kwa kuisawazisha roketi juu ya kidole, injini ikiwa ndani. Kitovu cha hewa ndicho kilichosumbua. Warushaji wa Marekani walikata umbo la roketi kwenye kadibodi, wakatafuta mahali linapotulia juu ya ukingo wa rula. Njia hiyo ni salama, lakini huichukulia roketi kana kwamba inapigwa na hewa ubavuni, kwa pembe ya digrii 90. Hivyo mapezi yalifanywa makubwa kuliko ilivyohitajika, na ziada hiyo ni uzito na ukinzani.

Mwaka 1966 James Barrowman, mhandisi wa kituo cha Goddard cha NASA, aliwaletea warushaji wenzake milinganyo ya hali halisi, roketi inapoyumba kwa digrii chache tu. Katika pembe hizo bomba lililonyooka halichangii chochote. Kazi hufanywa na pua na mapezi.

Chukua bomba la kipenyo cha sentimita 2.5 lenye mapezi matatu ya mstatili, kila moja likiwa limeshika bomba kwa sentimita 5 na kuchomoza sentimita 2.5. Lirefushe shina la kila pezi, yaani upande ulioshika bomba, liwe sentimita 10: eneo limekuwa maradufu, lakini kwa milinganyo hiyo nguvu ya kunyoosha huongezeka kwa takriban asilimia 4 tu. Tena, shina likirefushwa kuelekea puani, kitovu cha hewa cha pezi nacho husogea mbele, mahali tusipokitaka. Sasa acha shina kama lilivyokuwa, pezi lichomoze sentimita 5. Eneo ni lilelile la maradufu, ila nguvu imezidi mara tatu! Kadibodi isingekuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa inapima eneo peke yake.

Kuchomoza nako kuna gharama. Pezi refu na jembamba hutetemeka kwenye mwendo mkali, na huvunjika roketi inapotua. Ndiyo maana nyuzi za mbao ya balsa hulazwa sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Zikifuata bomba, pezi hukatika shinani. Ukingo huo nao uviringwe, na wa nyuma uchongwe uwe mwembamba, maana pezi lililoachwa na kingo za mraba huburuta hewa bure.

Mimi ningechagua mapezi matatu yanayochomoza kipenyo kimoja na nusu hivi. La nne huongeza nguvu kwa theluthi, lakini huongeza ukinzani pia. Na kitovu cha hewa kikirudi nyuma kupita kiasi, roketi huugeukia upepo mara tu inapoacha reli, na kimo ilichostahili hupotea kwa kwenda upande.