Moshi Uliovundikwa: Namna ya Kuitambua Biri Ndogo Iliyo Njema

Katika vijiji vya Sindeni, kwenye njia ya Korogwe kwenda Handeni, mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya mafiga. Moshi wa kila siku hufukuza fukusi na dumuzi, na maganda hugeuka rangi ya kahawia. Mtoto aliyekulia chini ya dari ya namna hiyo hujua mapema kwamba moshi haufanani: wa kuni zilizokauka ni mwepesi na mtamu puani, wa kuni mbichi unawasha macho na kuacha uchungu hata kwenye ugali. Pua hiyo inatosha kuanzia. Anayetaka kuonja biri ndogo na kujua kama imetengenezwa na fundi au na mtu mwenye haraka, anahitaji kitu kile kile.

Biri ndogo ina urefu wa kidole na unene wa kalamu, na huwaka dakika 10 hadi 20. Sigara huvikwa karatasi. Biri njema huvikwa jani la tumbaku yenyewe. Tofauti hiyo ndiyo inayobeba mambo yote, kwa sababu jani la nje haliwezi kuficha lilivyokaushwa.

Ukanda huu si mgeni wa tumbaku. Katika karne ya 19 tumbaku ya milima ya Usambara ilikuwa na jina hadi soko la Unguja, na msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepanda hadi Fuga (Vuga ya leo) mwaka 1857 kumwona mtawala Kimweri, aliandika habari za tumbaku hiyo. Miaka 30 baadaye Wajerumani walikuja na ndoto kubwa zaidi. Kampuni yao ya mashamba ilifungua shamba la tumbaku huko Lewa, ndani ya Korogwe ya sasa. Kazi ilifanywa kwa mabavu, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vya mwaka 1888 vikalikumba shamba, na tumbaku haikudumu. Lewa ikaja kujulikana kwa mkonge, zao ambalo mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alilileta pwani ya Tanga mwaka 1893 kwa vichipukizi 62 tu vilivyofika vikiwa hai. Ardhi na mvua havikuwa kikwazo pekee. Jani la biri linataka mkono unaolijali kila siku kwa miezi, na mkono wa mtu aliyelazimishwa haufanyi hivyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kupima ni muda. Tumbaku mbichi ina ukali wa mkojo wa mbuzi, yaani amonia. Ili utoke, majani yaliyokauka hurudishiwa unyevu kidogo, hupangwa lundo, nalo lundo hupata joto lenyewe. Likizidi joto hubomolewa na kupangwa upya, ya ndani yakawekwa nje. Mkulima yeyote wa Handeni atalitambua jambo hili: ni kuvundika, kama anavyovundika mkungu wa ndizi. Tofauti ni kwamba ndizi huiva kwa siku chache na biri njema huchukua miezi. Ukiivuta harufu ya biri isiyowashwa na pua ikachomwa, basi lundo lilibomolewa mapema. Hakuna sukari wala manukato yatakayoirekebisha.

Manukato ni dalili yenyewe. Biri ndogo nyingi za viwandani hutiwa vanila, asali au matunda, na vazi lake si jani zima bali ni vumbi la tumbaku lililosagwa na kutandazwa kama karatasi. Ishike penye mwanga. Jani la kweli lina mishipa, madoa, hata tofauti ndogo ya rangi kati ya ncha na kitako. Lile la kiwandani ni sawasawa mno, kama bati lililopakwa rangi.

Kisha ibonyeze kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, toka mwisho hadi mwisho. Inapaswa kurudi kama mkate wa ajemi uliotoka tanuri leo. Penye uvimbe mgumu hewa haitapita. Penye ulaini patawaka haraka na kuuma ulimi. Ikivunjika kwa mlio, imekauka kupita kiasi.

Kwa msomaji wa Tanzania, biri yenye maana zaidi huenda ni Toscano ya Italia, na nusu yake inayoitwa Toscanello. Inatengenezwa kwa tumbaku aina ya Kentucky, inayokaushwa kwa moto wa magogo. Simulizi la wenyewe linasema mwaka 1815 mvua ililowesha marobota ya tumbaku huko Florence, yakavunda juani, na badala ya kutupwa yakawa biri za bei nafuu. Tanzania ina ndugu wa jani hilo. Ruvuma, hasa Songea na Namtumbo, hulima tumbaku ya moshi: majani hutungwa kwenye vijiti, huning'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, na moto huwashwa chini yake. Ile ya Tabora, Urambo na Chunya ni ya mvuke. Moto uko nje na joto hupita kwenye mabomba, moshi haugusi jani. Ndiyo maana ya mvuke ina harufu ya nyasi kavu na utamu, na ya moshi ina harufu ya dari ya Sindeni.

Katika jani la moshi, mwonjaji hutafuta usafi. Moshi mwema hunusika kama ngozi mpya, kahawa iliyokaangwa, au mzinga wa nyuki uliotolewa gome karibuni. Moshi mbaya hunusika kama lami. Lami maana yake moto uliwaka kwa kuni mbichi au ulifunikwa ukafa mara kwa mara.

Sasa iwashe. Miali isiiguse, iache joto liikaushe ncha huku ukiizungusha. Vuta mara moja kwa dakika, si zaidi, kwa sababu biri ndogo hupata moto upesi na moto huua ladha. Moshi hubaki kinywani, hauteremshwi kifuani. Hilo halifanyi biri kuwa salama: nikotini hupenya kwenye nyama laini ya mdomo, na saratani ya kinywa na koo inawafuata wavutaji wa biri pia. Anayeandika mwongozo na kulificha hilo anamdanganya msomaji.

Tazama majivu. Yakiwa ya kijivu chepesi na yakishikamana hadi urefu wa kucha, jani lilikomaa na kufungwa vizuri. Yakidondoka kama unga, ndani kuna makombo mafupi. Moto ukila upande mmoja na kuacha mwingine, vazi lilifungwa bila uangalifu, ingawa upepo nao huleta hila hiyo na mtu asihukumu akiwa barazani wakati wa kaskazi.

Ladha hubadilika njiani. Theluthi ya kwanza ni kavu, ya pili hufunguka, ya mwisho huwa nzito kwa sababu moshi wote wa nyuma umepita humo. Biri hafifu haina theluthi. Ni ukali ule ule mpaka mwisho. Iliyo njema huachwa izime yenyewe sahanini. Asubuhi kipande kilichobaki hunuswa tena: kilichovundikwa ipasavyo kitanuka kuni baridi na udongo wa jikoni, na kile kilichoharakishwa kitanuka mkojo wa mbuzi, ule ule uliofichwa na vanila jana.