Akili Yote Sevani: Squeezebox Ilivyounganishwa na Maktaba ya Nyumbani

Mwaka 2001 kampuni ndogo ya California, Slim Devices, ilianza kuuza SliMP3, kisanduku cha kupigia muziki kisicho na diski wala orodha ya nyimbo. Kilikuwa na kioo cha maandishi, tundu la waya wa mtandao na uwezo wa kusoma faili za MP3, basi. Kazi nyingine zote zilifanywa na SlimServer, programu huria iliyokaa kwenye kompyuta ya nyumbani. Mgawanyo huo wa kazi ndio uliookoa vifaa hivi. Logitech iliinunua kampuni mwaka 2006, ikaacha kuvitengeneza mwaka 2012, lakini programu ipo hadi leo kwa jina la Lyrion Music Server, na vifaa vya zamani bado vinaitii.

Squeezebox, mrithi wa SliMP3, ikiwashwa huuliza mtandao mzima wa nyumba seva iko wapi. Ikijibiwa, hufungua mawasiliano kupitia mlango namba 3483 na kujitambulisha. Ukibonyeza rimoti, kifaa hakiamui lolote: habari ya kitufe hicho hupelekwa sevani, nayo seva hurudisha amri, hata picha ya maandishi yatakayoonekana kiooni. Wimbo wenyewe huchotwa kwa HTTP kupitia mlango 9000, kama ukurasa wowote wa tovuti.

Faili ambayo kifaa hakiiwezi, seva huigeuza papo hapo wimbo ukiendelea. Ndiyo maana mtu aliweza kuhifadhi CD zake kwa FLAC bila kupoteza chochote, na SliMP3 yake ikaendelea kuletewa MP3.

Kazi inayonivutia zaidi ni kupiga wimbo mmoja katika vyumba viwili bila mwangwi. Saa za vifaa viwili hazilingani kamwe, na tofauti ndogo kabisa hulimbikizana kadiri dakika zinavyopita. Kwa hiyo seva husubiri kila kifaa kijaze akiba yake ya sauti, ndipo inapovipa vyote muda wa kuanzia. Baada ya hapo kila kimoja huripoti kimefika wapi. Kilichotangulia huamriwa kunyamaza kwa milisekunde chache. Kilichochelewa huruka mbele. Kazi hii ya subira imefanywa vizuri mno, na inawezekana kwa sababu msimamizi ni mmoja.

Kuhusu programu za kompyuta, wabunifu hawakumlazimisha mtu aiache iTunes. Seva ilisoma faili ya XML ambamo iTunes iliorodhesha maktaba yake, ikachukua humo orodha za nyimbo. Mtu alipanga muziki wake mezani, akausikiliza sebuleni.

Kifaa cha mfukoni kina shida nyingine: kinatoka nje ya nyumba. Sauti ya CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na hata FLAC, ambayo mara nyingi huipunguza kwa karibu nusu, ni mzigo kwa bando la simu. Hapa naona itifaki ya Subsonic, ambayo seva kama Navidrome pia inaifuata, inafaa zaidi. Programu ya simu huomba wimbo ikitaja kiwango cha juu cha biti, na seva huubana kwa kiwango hicho. Kwa kilobiti 128, saa nzima ya muziki ni takriban megabaiti 58. Akili kiasi huhamia simuni, na ni sawa kabisa, kwani simu lazima iweze kuhifadhi nyimbo na kuzipiga mtandao ukikatika.

Lakini usiifungue milango 3483 na 9000 kwa intaneti nzima. Mawasiliano ya Squeezebox na seva yake hayana usimbaji wowote, kwani yalibuniwa kwa ajili ya mtandao wa ndani. Weka WireGuard, programu ya VPN inayosimba mawasiliano, kwenye seva na kwenye simu, kisha upitishe muziki humo.